Amri ya Saba

Vijana wa kituo, mmeniambia niandike kazi ilivyokuwa kabla yenu, na mmeniambia nisiandike kama ripoti. Hilo la pili ni gumu. Mtu aliyeandika ripoti za moto maisha yake yote, hata barua kwa mchumba wake huianza na saa ya kuondoka kituoni na idadi ya mipira ya maji iliyotandazwa. Nitajaribu. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala mshahara ulikuwaje. Vyeo vyenyewe vimebadilishwa majina mara nyingi hata mimi nimevisahau. Nitawaeleza habari za mtu mmoja na neno moja. Mtu huyo nilimwonea wivu. Nalisema mapema ili msihangaike kuutafuta wema wangu humu.

Nilianza kazi mji ukiwa bado unaitwa Usumbura. Baba yangu alikuwa amevuka kutoka upande wa Uvira kutafuta kibarua bandarini, nami nilisoma kwa mapadre hadi nikaweza kupiga mashine ya kuandika bila kutazama vidole. Lakini sikwenda kuomba kazi ya mashine. Nilikwenda kuomba kofia ya chuma. Nilikuwa nimewaona pompie, ndivyo mji mzima ulivyowaita watu wa zimamoto, wakipita mbele ya soko wamesimama nyuma ya gari jekundu, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine umelegea tu, kama watu ambao kifo ni jirani yao na wamezoeana. Nilitaka mkono wangu nao ulegee vile.

Mwalimu wa mazoezi alikuwa Mbelgiji mmoja tuliyemwita Ajida, cheo chake cha jeshini kilichogeuka kuwa jina. Siku ya kwanza alinitwika mpira wa turubai uliojaa maji, akanionyesha mnara wa kukaushia mipira, akasema panda. Mnara ulikuwa na orofa tatu zisizo na kuta. Nilipanda. Huko juu niliona ziwa limenyooka, jeupe kwa jua, na milima ya Kongo ng'ambo yake, na mapaa ya Buyenzi yakimetameta, nikahisi kwamba mahali hapo palikuwa pamenisubiri tangu nizaliwe. Kisha nikatazama chini, nikautapikia mpira. Ajida alingoja nishuke, akaniuliza kama najua kusoma na kuandika, akaandika maneno mawili katika kitabu chake. Niliyasoma kutoka upande wa pili wa meza, yamegeuka juu chini: anafaa ofisini.

Wiki ileile aliletwa Sudi. Alikuwa fundi wa magari wa Buyenzi, Mwislamu, mzaliwa wa mji, mwembamba, kofia yake ya kufuma imeingia mafuta hadi haijulikani ilikuwa rangi gani. Pampu ya gari kubwa ilikuwa imekataa kuwaka siku mbili. Sudi aliweka ncha ya bisibisi juu ya injini, mpini wake wa mti akautia sikioni, akafumba macho kama anayesikiliza habari za nyumbani.

"Ana kikohozi," alisema. "Lakini si ya kifua. Ni ya koo."

Akafungua kitu kidogo cha shaba, akakipuliza, akakirudisha. Pampu ikawaka. Watu walicheka, Ajida akampa kazi palepale, akampa na mkono. Mimi siku hiyo nilikuwa nimepanga rejista tatu ambazo hazikuwahi kupangwa tangu kituo kijengwe, na hakuna aliyenipa hata kidole. Jina lake maana yake ni bahati. Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba jina ndilo lililokuwa linamfanyia kazi.

Moto wake wa kwanza mkubwa ulikuwa Ruziba, kwenye mabanda ya kukaushia ndagala, dagaa wa kwetu, kando ya ziwa. Mimi nilikwenda na penseli, kwani kazi yangu ilikuwa kuandika saa. Bomba la kuvutia maji lilikuwa fupi, halikufika ziwani, na mchanga ulikuwa mteremko. Kabla Ajida hajamaliza kutukana, Sudi aliligeuza gari, akalirudisha kinyumenyume mpaka maji yakafunika magurudumu ya nyuma. Bomba likanywa. Mabanda sita yakapona, na wanawake wa pale wakampa samaki wengi kuliko alivyoweza kubeba. Katika ripoti niliandika: gari liliingizwa majini bila idhini. Ajida aliisoma, akacheka, pembeni akaandika neno moja la kusifu. Si la kunisifu mimi.

Nawaambia haya ili mjue kwamba wivu wangu haukuanza na jambo kubwa. Ulianza na sentensi moja ya kweli niliyoiandika kwa nia mbaya.

Kisha ulikuja uhuru. Ninyi mnafikiri uhuru ni bendera. Ofisini kwangu uhuru ulikuwa mhuri. Mji ulibadilishwa jina, mhuri mpya haukuja, na kila barua ilihitaji mhuri. Nikachukua wembe, nikakata herufi mbili za mwanzo za Usumbura kwenye mpira wa mhuri, ikabaki "umbura", na kwa miezi mingi kila nilipogonga mhuri niliongeza kwa kalamu "Buj" mbele yake. Nilijivunia ubunifu huo. Nilimwonyesha Sudi. Akasema ni vizuri, akaniuliza kama wembe bado ninao, anataka kukatia gasketi.

Ajida aliondoka na masanduku mawili. Alipoaga alimpa Sudi filimbi yake ya shaba. Mimi alinipa ufunguo wa kabati.

Mkuu mpya alikuwa Mrundi aliyerudi karibuni kutoka masomo ya Ulaya, mpole, mpenda karatasi. Alitazama mazoezi asubuhi moja, akaona watu wanatii maneno ya Kifaransa ambayo nusu yao hawakuyaelewa, wakiiga tu mwenzao aliye mbele. Akatuita ofisini mimi na Sudi.

"Humu kuna Barundi, kuna watu wa Kongo, kuna watu wa Buyenzi," alisema. "Wakigombana wanagombana kwa Kiswahili. Basi wazime moto kwa Kiswahili. Bwana Stefano, utaniandikia orodha ya amri, neno moja moja. Sudi atasimamia mazoezi kwa sasa. Baadaye tutafanya mtihani, na mmoja wenu wawili atakuwa mwalimu wa kituo."

Mmoja wenu wawili. Niliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Sikuitaka kwa cheo. Nilitaka kusimama chini ya mnara asubuhi, jua likiwa changa, niseme neno moja na kuona miili kumi na miwili ikiondoka pamoja. Nilitaka mtu aliyetapika juu ya mpira asahauliwe. Na kwa kuwa sikuweza kupanda mnara, nilidhani nitaupanda kwa maneno.

Niliifanya orodha kwa siku nane. Amri ishirini. Kila neno nililionja ulimini kabla ya kuliandika. Tandaza. Funga. Fungua. Panda. Teremsha. Amri ya saba ilikuwa ile ya kusimamisha kazi yoyote inayoendelea, iwe maji, iwe ngazi, iwe kamba, na mimi niliandika: Acha. Neno fupi, lina mdomo wazi, linasikika mbali. Nilichapa stensili, mkuu akatia sahihi, kila mtu akapewa nakala yake.

Baada ya wiki mbili Sudi alikuja mlangoni kwangu. Hakuingia, kwa sababu viatu vyake vilikuwa na mafuta na alijua napenda sakafu yangu.

"Karani," alisema, maana ndivyo walivyoniita wote, "ile neno ya saba, badilisha."

"Ina kasoro gani?"

"Ku maji ni sawa. Ku kamba si sawa. Mutu akiwa ameshika kamba, ukimwambia acha, ataacha."

"Acha ni kusimama. Kila mtu anajua."

"Kichwa inajua. Mikono je? Mi ku mazoezi nasema shika. Hata mutu asikie nusu, anashika. Ukiongea na mikono, uiambie kitu ya kufanya. Usiiambie kitu ya kutofanya."

Vijana, nilielewa palepale. Nataka hilo lijulikane. Sikuwa mjinga. Nilielewa kwamba fundi huyu, ambaye hakusoma hata mwaka mmoja kwa mapadre, alikuwa ameona ndani ya neno langu kitu ambacho mimi niliyelionja siku nane sikukiona. Na kulibadilisha ilikuwa kazi ya dakika tano: tone la ile dawa nyekundu ya kufutia makosa juu ya stensili, kusubiri ikauke, kupiga herufi tano.

"Orodha imesainiwa," nilisema.

"Imesainiwa na mutu hajashika kamba hata siku moja."

"Basi andika barua. Nitaipeleka."

"Mi niandike barua, na we uko hapa mbele yangu na masikio mawili?"

"Ndiyo utaratibu."

Nilijua hajui herufi zetu. Alirudi baada ya siku tatu na karatasi iliyokunjwa vizuri, imeandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani Buyenzi, mwandiko mzuri kuliko wangu. Niliigeuza mbele na nyuma.

"Sisomi hizi."

"Mi nayo sisomi zako," alisema, "na kila siku natii."

Niliitia katika faili la Mengineyo.

Kanuni za mtihani nilizitunga mimi pia, kwani ni nani mwingine aliyekuwa na mashine? Niliandika kwamba kila mtahiniwa atatumia maneno ya orodha na si mengine, na kwamba kosa la neno ni pointi mbili. Mkuu alipenda sana kanuni hiyo. Alisema inaleta nidhamu.

Mtihani ulifanyika asubuhi ya kiangazi. Walikuja mabwana wawili kutoka ofisi ya mji, wakakalishwa kwenye viti kivulini mwa gari. Zoezi la mwisho lilikuwa kumteremsha mtu kwa kamba kutoka juu ya mnara. Mtu wa kuteremshwa alikuwa Nestori, kijana wa Uvira, mwepesi kuliko wote na mwenye mdomo kuliko wote. Mshika kamba alikuwa Kabura, Mrundi mwenye mikono mipana, mtaratibu, asiyeongea sana. Kamba ilizungushwa mara moja kwenye chuma cha chini, Kabura akaishika kwa mikono miwili.

"Munishushe pole pole," Nestori alisema kutoka juu. "Mi bado sijaoa."

"Hata ukianguka hakuna mwenye atakutaka," mmoja akamjibu.

Alianza Sudi. Nestori alipofika orofa ya pili, mkanda wake ulinasa kwenye msumari. Sudi alinyamaza kidogo. Niliona macho yake yakija kwangu, au kwenye karatasi iliyo mkononi mwangu, kisha yakarudi kwa mikono ya Kabura.

"Shika!"

Kabura akashika. Nestori akajinasua. "Teremsha," Sudi akasema, na Nestori akatua chini kama kikombe kinavyowekwa mezani. Watu walipiga makofi, hata wale mabwana wawili. Mkuu alikuwa amekwisha kuinua kalamu kuandika alama zote. Nilikohoa. Nikaweka kidole changu kwenye mstari wa saba wa orodha, nikakiacha kidole hapo mpaka akakiona.

"Ni kweli," alisema mkuu. "Kanuni ni kanuni." Akaondoa pointi mbili.

Ikawa zamu yangu. Nestori alipanda tena, akafungwa kamba, akaanza kushuka. Hakunasa popote. Alishuka vizuri, akiimba puani. Hakukuwa na sababu yoyote duniani ya kumsimamisha. Lakini mimi nilitaka mkuu asikie amri ya saba ikisemwa inavyostahili, nilitaka iwe wazi kwamba mwenzangu alikosea na mimi sikosei. Nestori alikuwa amefika usawa wa orofa ya pili. Nilijaza kifua.

"Acha!"

Kabura aliacha. Mikono yake ilifunguka yote miwili kwa mara moja, vidole vimetawanyika, kama mtu anayeonyesha kwamba hakuchukua kitu.

Sitaandika sauti ya Nestori alipofika chini. Nitaandika kwamba Sudi alikuwa amefika kabla vumbi halijatulia, akaufunga mguu ule kwa kipande cha ngazi na mikanda ya watu wawili, akampakia garini, akaliendesha hadi hospitali bila kupiga kengele ili kelele zisimtishe majeruhi. Kabura alibaki pale amenyoosha mikono. Aliniambia kwa Kirundi, polepole, bila ukali: "Wavuze ngo ndekure." Ulisema niachilie.

Mimi nilikuwa bado nimeshika orodha.

Mkuu alitaka ripoti kabla ya saa nane. Nilikaa mbele ya mashine. Kama ningeandika kosa ni la Kabura, Kabura angefukuzwa. Kama ningeandika neno, ningeandika jina langu. Niliandika kwamba kamba ilikuwa imelowa, ikateleza. Kamba ilikuwa imening'inia juani wiki mbili. Ingeweza kuwasha moto yenyewe.

Sudi alirudi saa saba na nusu, shati lina damu. Safari hii aliingia, na viatu vyake.

"Nestori ataishi. Mufupa ya paja imevunjika pahali pawili. Daktari anasema atatembea, lakini si kama zamani." Alitazama karatasi mashineni. "Umeandika nini?"

"Kwamba kamba ilikuwa imelowa."

Alisogea mpaka kwenye meza yangu. Nilidhani atanipiga, na nakiri nilitamani anipige, maana tungekuwa sawa.

"Sawa," alisema. "Kamba haina bibi, haina batoto. Hakuna mwenye atalia juu yake. Lakini ile neno, leo uibadilishe. Siondoki."

Nilitoa stensili kabatini. Nikatia dawa nyekundu juu ya amri ya saba. Sudi aliinama akaipuliza ikauke, pumzi yake inanuka petroli. Nikapiga: Shika. Pembeni, kama kanuni ilivyotaka kwa kila sahihisho, nikatia herufi za mwanzo za jina langu.

Sasa sikilizeni karatasi zinavyofanya kazi. Kesho yake mkuu alikuwa na vitu vitatu mezani. Hesabu ya mtihani: Sudi amepungukiwa pointi mbili, Stefano hakupungukiwa. Ripoti ya ajali: kamba. Na orodha iliyosahihishwa siku ileile ya ajali, kwa herufi za jina langu. Alituita sote wawili.

"Mtu anayejifunza kutokana na ajali ambayo hata si kosa lake," alisema akinitazama, "huyo ana roho ya mwalimu."

Nilipata nafasi. Mnisamehe, lakini hata katika dakika ile nilimtazama Sudi ili nione kama ameumia. Alikuwa anajipangusa mikono kwa kitambaa.

"Mungu akusaidie, Karani," alisema, akarudi kwenye injini yake.

Nestori alirudi baada ya miezi mitano, mguu mmoja mfupi, akawekwa kwenye simu, mezani mbele ya mlango wangu. Alikaa hapo miaka yote. Hakuwahi kunishtaki. Alifanya kibaya zaidi, alitania.

"Karani, uko na habari? Mi nilisikia acha, nikasema basi, huyu ameniacha kabisa."

Na Jumapili kanisani padre alipofika kwenye amri ya saba, usiibe, mimi ndiye niliyeinamisha kichwa kabla ya wengine. Sijui kama Mungu ndiye aliyepanga namba hizo. Kama ni yeye, ni mtani kama Nestori.

Kila asubuhi nilisimama chini ya mnara, mahali nilipopatamani, nikasema maneno. Watu walitii. Kabura hakugusa kamba tena, aliomba aoshe magari. Nilijaribu kupaza sauti kama Ajida, nikajaribu kunyamaza kidogo kabla ya amri kama Sudi. Haikuwa kitu. Wakimaliza mazoezi walikwenda karakana kumwuliza Sudi walivyofanya.

Kwamba nafasi haikuwa yangu, nililijua kwa hakika siku ya moto wa Asiatique, mtaa wa maduka ya Wahindi. Lilikuwa duka la vitambaa, mchana, familia ya mfanyabiashara inakaa orofani. Ngazi ya ndani ilikuwa imekwisha kuungua, na mama yake mwenye duka, kikongwe, alikuwa dirishani amejifunga shali kichwani kana kwamba anatoka kwenda kusalimia watu. Watu wetu waliopanda juu walimfunga kamba, wakaanza kumteremsha. Katikati, kioo cha dirisha la chini kilipasuka, moto ukatoa ulimi. Ilibidi asimame pale juu mpaka maji yapige dirisha.

"Shika!" nilisema. Nililisema vizuri, kwa sauti kubwa, kwa wakati wake.

Na niliona vichwa vya washika kamba wote watatu vikigeuka upande wa pampu. Sudi alikuwa pale, mkono kwenye usukani wa maji, macho kwenye moto. Hakunitazama.

"Shika," alisema, wala hakupaza sauti.

Ndipo mikono ikakaza. Neno lilelile. Kutoka kinywani mwangu lilikuwa kelele tu, kutoka kwake lilikuwa kamba. Kikongwe alifika chini salama, akaomba viatu vyake.

Kesho yake nilimwendea mkuu na karatasi mbili. Nilikuwa nimeandika upya ripoti ya ajali ya Nestori, kwa ukweli, na kuomba nafasi apewe mwenye nayo. Alisoma yote. Alivua miwani.

"Bwana Stefano, dossier hiyo imefungwa. Unataka niwaambie nini watu wa ofisi ya mji? Kwamba walishuhudia kitu kingine?" Akanirudishia karatasi. "Acha hayo mambo."

Nilitoka nimeyaacha. Nawaambia kweli, nilitoka nimepata nafuu, na hiyo nafuu ndiyo iliyonifundisha mimi ni mtu wa namna gani.

Nilifanya jambo moja tu lililokuwa katika uwezo wa karani. Nilibadilisha ratiba. Mazoezi ya kamba na ngazi nikayahamishia saa za matengenezo, na matengenezo yalikuwa ya Sudi. Hakuna aliyeona, kwa sababu hakuna anayesoma ratiba. Kutoka wakati huo yeye ndiye aliyefundisha na mimi ndiye niliyetia sahihi kwenye rejista. Dirisha langu lilitazama mnara. Miaka mingi nilisikia watu wakicheka naye huko nje, na kila kicheko nilikisikia kama mtu anayesikia arusi ya mwanamke aliyemkosa, kutoka nyumba ya jirani.

Wengi wa waliocheka vile hawapo. Kuna miaka ya damu ambayo sitaiandika. Ninyi mna wazazi, waulizeni, au msiwaulize.

Sudi aliacha kazi kabla yangu, akafungua karakana yake Buyenzi. Mimi nilibaki na rejista hadi mwezi uliopita, mliponifanyia ile sherehe. Mlipanga viti, mkaleta Fanta na nyama, na yule kijana wenu mwenye sauti nzuri akasoma hotuba. Alisema mzee Stefano ametuachia neno linaloshika maisha ya watu. Akasema mshike, na ninyi nyote mkajibu kwa pamoja: Shika! Hata mabati yalitikisika.

Sudi alikuwa ameketi safu ya nyuma, kanzu nyeupe, fimbo katikati ya magoti. Niliwatazama ninyi, lakini nilikuwa namtafuta yeye. Nilikuwa nimesubiri saa hiyo tangu wiki ya kwanza ya kazi. Neno lake lilikuwa linapigiwa makofi kwa jina langu, mbele yake, na hakuna mtu duniani asiyeweza kuumia kwa hilo. Nilitaka nione hata kidogo, kwenye jicho, kwenye kidevu. Nilitaka anionee wivu mara moja tu.

Watu walipotawanyika nilikwenda kukaa kando yake.

"Sudi, umesikia hotuba?"

"Karani, unisamehe. Ilikuwa murefu. Nililala kidogo."

"Walisema neno la shika ni langu."

"Lipi?"

"Shika. Amri ya saba. Ile uliyonieleza mlangoni."

Alifikiri, kwa dhati, kama mtu anayetafuta jina la mtoto wa jirani wa zamani.

"Aah, ile. Bado iko inasumbua kichwa yako?" Alinipiga goti kwa kiganja. "Tangu ile siku mi nimefungua injini ngapi, mi sijui. Nestori iko wapi? Nilikuja ju ya Nestori."

Akainuka kumtafuta Nestori. Niliwasikia wakicheka kule kwenye simu.

Hivyo ndivyo nilivyomaliza kazi. Miaka yote hiyo nilikuwa nashindana na mtu aliyekwisha kwenda zake nyumbani. Na sasa namwonea wivu hata usingizi ule wa kwenye kiti.

Ninachowaomba ni kidogo. Rejista za mazoezi ziko kabati la kushoto, tangu mwaka wa moto wa Asiatique hadi mwaka Sudi alipoondoka. Kila ukurasa, chini, penye neno mwalimu, pana sahihi yangu. Pigeni mstari mmoja juu yake, msiifute, maana karatasi rasmi haifutwi, na pembeni andikeni: Sudi, fundi, wa Buyenzi. Kurasa ni nyingi. Mkichoka, niiteni huku nyumbani Gasenyi, nitakuja kuandika mwenyewe. Bado nina wivu, lakini mwandiko wangu ni mzuri.